Macho ya Mama Mkwe

Lutaaya, kinyozi wa Mityana, hakuwahi kusahau uso. Wengine wamejaliwa sauti, wengine wamejaliwa mbio. Yeye alijaliwa hilo. Ungeweza kunyolewa kwake mara moja tu, ukahama mji, ukanenepea huko ugenini, na siku ukirudi ukasimama mlangoni na kitambi chako yeye angezima mashine na kusema, "Wewe ulikuja hapa na jipu shingoni, ukalia." Na kweli ulilia.

Siri yake hakumficha mtu. Ilikuwa kwenye kioo. Kiti cha kunyolea kilielekea kioo kikubwa chenye ufa pembeni, na mteja akiinua macho, yakakutana na ya kinyozi mle ndani, basi mtu huyo ameshaingia kichwani mwa Lutaaya na hatoki. Lakini wale waliokuja na simu zao, wakanyolewa wameinama mwanzo hadi mwisho, hao hakuwashika kabisa. Walimsalimia barabarani akawajibu kwa adabu zote, na moyoni hajui ni kina nani.

"Angalia mbele, bwana," alizoea kuwaambia vijana. "Asiyenitazama simjui. Kesho ukianguka barabarani nitakuruka."

"Na mama mkwe wako je?" aliuliza siku moja Kyobe, mwenye bucha ya jirani, ambaye hakuwa na kazi nyingine saa za mchana ila kuja kuchokoza watu. "Huyo naye ukimkuta barabarani utamruka?"

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Lutaaya naye alicheka. Lakini ni kweli kwamba hakumjua.

Tangu amwoe Nantongo hakuwahi kuuona uso wa Nambooze, mama wa mkewe. Ndivyo ilivyo kwetu Buganda: mkwe ni mtu wa kuogopwa. Lutaaya alipokwenda ukweni alikaa sebuleni, mama mkwe akakaa chumbani nyuma ya pazia, wakazungumza hivyo. Wakikutana njiani, mama alijifunika kanga kichwani na kuingia migombani, na yeye Lutaaya akageukia upande wa pili kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Hata picha zake hakuzitazama. Nantongo alizihifadhi kwenye simu yake, na akizifungua mume anaondoka.

Basi alimjua kwa sauti.

"Hamjambo huko, mkwe?" ingeuliza sauti ile, nzito kidogo, yenye kicheko kilichozuiwa.

"Hatujambo, mama. Kahawa imekubali?"

"Kahawa gani, mwanangu! Mwaka huu imetununia. Lakini karanga zipo. Nimewakaangia, msiondoke bila karanga."

Lutaaya alifiwa na mama yake akiwa mdogo, na sauti ile ya nyuma ya pazia alikuwa akiipenda. Hakumwambia mtu, lakini zipo Jumapili alizofunga kazi mapema na kwenda ukweni bila sababu yoyote, akae tu sebuleni aulizwe kama amekula.

Wanaovunja mwiko huo, husema watu wetu, hushikwa na kutetemeka mikono. Baba yake mdogo alikuwa hivyo. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili na bado nusu ikamwagikia mapajani, na wazee walieleza kwamba ujanani aligongana uso kwa uso na mkwewe kisimani wakabaki wanatazamana. Daktari angesema mengine. Lutaaya naye alikuwa akiyacheka mengi ya wazee, lakini hilo hakulicheka, kwa kuwa yeye mkono ndio jembe lake. Nani atampa shingo yake kinyozi anayetetemeka?

Ndipo mama mkwe akaanza kupotea. Kwanza alitia chumvi kwenye chai. Kisha akawa anakwenda shambani kwake mwenyewe, pale nyuma ya nyumba, akapotea humo, akarudishwa na majirani. Mwishowe maneno yakamwisha. Lutaaya alikaa sebuleni Jumapili moja, akasalimia, akangoja. Nyuma ya pazia alisikia mtu anapumua, na hakuna jibu lililokuja. Alisalimia tena. Alitoka pale na uchungu hakujua aupeleke wapi.

Nantongo hakuzunguka. Jioni moja, baada ya watoto kula, alisema, "Baba Ndagire, nataka kumleta mama hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwetu. Jirani anayemwangalia naye ana watoto wake. Juzi mama amelala nje."

"Mama Ndagire, wewe umeona wapi mtu anakaa na mama mkwe nyumba moja? Choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo?"

"Basi tumjengee kibanda nyuma."

"Na nikitoka asubuhi nikamkuta uani? Yeye hakumbuki tena kujifunika."

"Utageuka. Si una shingo?"

"Na mikono hii ikianza kutetemeka watoto watakula nini?"

Nantongo alianza kukusanya sahani za watoto. "Mama yangu hajui hata jina langu," alisema. "Wewe unawaza mikono."

Lutaaya alisema watalifikiria baada ya mavuno. Alijua, na mkewe alijua, kwamba hakuna cha kufikiria.

Jumamosi moja kibanda kilifurika. Kulikuwa na bwana harusi na wasimamizi wake, wote wanataka kunyolewa kabla ya saa nne, redio inaimba, mashine mbili zinanguruma, na simu ya Lutaaya imetupwa kwenye droo na mataulo. Alipogeuka kumwita anayefuata, alikuta kiti kimekaliwa na bibi kizee. Hakuna aliyemwona akiingia. Miguu ilikuwa na vumbi hadi magotini, gauni lake la kijani limefungwa vibaya, nywele nyingi nyeupe zimejaa majani makavu.

"Jjajja, umekuja kunyoa?" aliuliza Lutaaya kwa sauti ya kuchekesha watu, akimwita bibi kama tunavyoita bibi wote.

Bibi hakujibu. Aliinua uso akamtazama kwenye kioo.

Wanawake wa umri ule hawatazami mwanamume namna ile. Wanatazama mikono yako, au kifua, au mlango ulio nyuma yako. Huyu aliyaweka macho yake ndani ya macho ya kinyozi akayaacha hapo, bila haya na bila haraka, macho ya kahawia yenye utando mwembamba wa kijivu pembeni. Lutaaya, aliyekuwa ametazamwa na mji mzima, alijikuta anababaika.

"Mnyoe bibi wa watu kwanza," alisema bwana harusi. "Ni baraka."

Alimnyoa. Alichagua majani yale moja moja, akapitisha mashine, kisha wembe, taratibu kuliko alivyomnyoa mtu yeyote siku hiyo. Muda wote bibi alimtazama. Lutaaya akaanza kuzungumza naye kwa sauti ya chini, mambo ya ovyo, mvua, bei ya chumvi, mtoto wake Ndagire anayekataa mboga, na hakujua kwa nini anamwambia hayo. Alipomaliza, kile kichwa kilikuwa kitupu na kidogo. Bibi aliushika mkono wake, ule wenye wembe, akaukandamiza kidogo. Kisha wasimamizi wa harusi wakaanza kugombea kiti, na kinyozi alipogeuka tena bibi hakuwapo. Alifikiri ni mgonjwa wa watu, anao wenyewe huko nje. Nywele zake alizifagia pamoja na za wengine.

Alipoitoa simu kwenye droo, mkewe alikuwa amepiga mpaka amechoka.

"Mama hayupo," alisema Nantongo mumewe alipofika nyumbani. Alikuwa amesimama katikati ya ua na kiatu kimoja mguuni. "Ametoka alfajiri. Mtu mmoja amemwona kwenye barabara ya kuja mjini. Baba Ndagire, alikuwa anakuja huku. Alikuwa ananitafuta."

Kila kijiji kwetu kina kipaza sauti chake juu ya mti au nguzo, ambacho hutangaza misiba, mikutano na mbuzi waliopotea. Usiku uleule Nantongo alipeleka tangazo: Nambooze, mjane, haongei, amevaa gauni la kijani, na alama yake kubwa ni nywele, nyingi, nyeupe pe, kwani mama hakuwa mtu wa kunyoa.

Lutaaya alikuwa amesimama pale chini ya nguzo tangazo likisomwa. Alikiwaza kichwa kile alichokinyoa. Halafu akajiambia kwamba bibi wenye mvi ni wengi, na magauni ya kijani ni mengi, na mtu hawezi kuwa na mkosi kiasi hicho. Yule alikuwa bibi wa mtu mwingine. Angekuwa mkwe wake, si angehisi? Si mwili ungemwambia? Akainyosha mikono yake gizani akaiangalia. Ilikuwa imetulia kabisa, na hilo likampa moyo.

Basi akatafuta pamoja na wengine. Alipita vijiji na pikipiki ya kuazima, akauliza kila duka.

"Yukoje?" waliuliza.

"Ana nywele nyeupe, nyingi."

"Hilo tumelisikia. Usoni yukoje?"

"Ni mkwe wangu," alijibu, na watu wakaelewa, wakamwonea huruma.

Nantongo alitengeneza tangazo lenye picha, iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho cha mama yake. Mumewe alipewa bunda la karatasi hizo na gundi akabandike mjini. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kwingineko lisingetokea. Alizibandika zote bila kuzitazama. Alizibeba zimelala kifudifudi, akapaka gundi mgongoni, akageuza uso, akabandika kwa kupapasa. Nguzo za umeme, kuta za soko, mlango wa bucha. Watu waliokuwa wakimwona waliona ni heshima. Hata mimi ningeona hivyo.

"Wee Lutaaya!" aliita Kyobe kutoka ndani ya bucha. "Umembandika mkweo kichwa chini, miguu juu! Hivyo nani atamjua?"

"Nigeuzie basi."

"Nina damu mikononi. Geuza mwenyewe, hakuna mtu anayetetemeshwa na karatasi."

Lutaaya aliibandua karatasi. Gundi ilikuwa bado mbichi na upepo ukaikunja, akalazimika kuinyosha kwa viganja, na katika kuinyosha akaiona. Picha ile ilikuwa ya zamani. Mashavu yalikuwa manene, nywele zimesukwa, mdomo umejaa meno. Hakuna kitu pale kilichofanana na yule bibi aliyekonda wa Jumamosi. Ila wapiga picha za vitambulisho hulazimisha mtu atazame mbele, na mwanamke yule alikuwa ametazama mbele.

Kyobe alitoka na kisu chake mkononi. "Vipi? Umeshikwa na nini?"

"Nimemnyoa," alisema Lutaaya.

"Nani?"

"Huyu. Nilimnyoa kwa mkono wangu, Kyobe. Kipara."

Kyobe, mtu wa mzaha, alikiweka kisu chini.

Alikwenda nyumbani akamwambia mkewe akiwa amesimama mlangoni, hakuweza hata kuingia. Nantongo alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa akichambua maharage, na mikono yake iliendelea kuchambua kwa muda baada ya mume kunyamaza.

"Ulijua lini?"

"Leo. Nimeiona picha leo."

"Na Jumamosi usiku, tangazo liliposomwa. Hukuwaza?"

Angeweza kudanganya. "Niliwaza," alisema. "Nikajikatalia."

"Tangu Jumamosi watu wanatafuta mvi," alisema Nantongo polepole, "na wewe unajua mvi ziko kwenye jalala lako."

Hakumpigia kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga kelele.

Tangazo lilibadilishwa. Halikumaliza hata asubuhi moja kabla ya mtu kupiga simu, mama mmoja wa kijiji cha kandokando ya Ziwa Wamala. Walikwenda wote wawili. Mama yule aliwapokea akiwa amepiga magoti, na alipoanza kueleza machozi yalikuwa tayari yanamtoka.

"Alikaa hapa kwangu, hapa hapa mnapokaa. Nilimpa maji, nikampa ndizi kidogo, akala. Haongei. Nikamwambia mume wangu, labda ndiye yule wa kwenye kipaza sauti. Tukasikiliza tena tangazo la jioni. Nywele nyeupe, nyingi. Na huyu ni kipara cheupe. Mume wangu akasema siye, huyu ni wa kwao huko mbele. Asubuhi tukamkuta ameondoka."

"Ameondoka kuelekea wapi?" aliuliza Nantongo.

Mama yule alionyesha kwa mdomo, kama tunavyoonyesha. Kule hakukuwa na kijiji. Kulikuwa na mafunjo, na maji chini yake, mpaka macho yanapoishia.

Wanaume walikata mafunjo kwa mapanga, wavuvi wakachokonoa maji kwa miti mirefu. Walipata sandali moja ambayo inaweza kuwa ya mtu yeyote. Mvua zikaanza, watu wakarudi mashambani kwao, kama ilivyo haki yao.

Wiki zikapita. Lutaaya alirudi kazini kwa sababu watoto wanakula. Mikono yake haikutetemeka, na hilo sasa lilimchukiza. Alikuwa akiitazama na kuitamani itetemeke. Usiku macho yale yalimjia, ya kahawia, yenye utando pembeni, na hayakuwa na lawama yoyote. Alijaribu kukumbuka pua, mdomo, umbo la masikio ambayo wembe wake uliyazunguka. Havikuja. Macho yalikuwa yamechukua nafasi yote.

Kisha polisi wa wilaya ya ng'ambo ya ziwa wakapiga simu. Mwili wa mwanamke mzee umetolewa majini. Nywele zake ni fupi sana, kama za mtu aliyenyolewa si zamani. Nguo haikuwapo.

Chumba cha maiti kilikuwa nyuma ya hospitali, karibu na jiko la kupikia wagonjwa. Mhudumu, mzee mpole aliyeitwa Ssalongo kwa kuwa alizaa mapacha, aliwaonya kwamba maji hayana huruma, wajikaze. Nantongo aliingia kwanza. Kwa desturi Lutaaya alipaswa kubaki nje, naye akabaki, amegeukia ukuta.

Alisikia shuka likifunuliwa. Alisikia mkewe anapumua.

"Simjui," ilisema sauti ya Nantongo. "Amevimba. Sijawahi kumwona mama bila nywele. Simjui!" Kisha akaita, "Njoo."

"Mama Ndagire, mimi—"

"Njoo! Wewe ndiye uliyemwona hivi. Mimi mama yangu namjua na nywele zake. Huyu wa kipara ni wako. Njoo utuambie ni yeye, nimzike."

Lutaaya aliingia. Alisimama mbele ya meza ile, akatazama, kwa kusudi, mchana, mbele ya mkewe. Alitazama paji la uso, mashavu, kidevu. Uso ulikuwa umefura hadi umekuwa uso wa mtu yeyote, na macho yalikuwa yamefumbwa.

"Ni yeye?"

Alirudi tena kwenye paji la uso.

"Mji mzima unawakumbuka," alisema Nantongo. "Watu waliopita mara moja. Wenye majipu. Niambie basi."

"Wale wananitazama," alisema Lutaaya.

Nantongo alimgeukia mhudumu. "Ssalongo, mfumbue macho."

"Mwanangu, hilo halitakusaidia."

"Nakuomba. Mfumbue mume wangu amwone."

Mzee yule alisitasita, kisha akanyosha kidole gumba, akainua kope moja, taratibu sana, kama anayeogopa kumwamsha. Lutaaya aliinama. Aliinama mpaka karibu, akatafuta ile kahawia, akautafuta ule utando. Chini ya kope palikuwa na weupe mzito uliotandaa pote, na haukumtazama mtu.

"Sijui," alisema.

Watu wa hospitali walichukua vipande vya kupimwa, wakasema vitapelekwa Kampala. Majibu hayajaja mpaka leo. Chumba kilikuwa kimejaa, kwa hiyo bibi yule alizikwa na halmashauri pamoja na wengine wasio na wenyewe, mahali ambapo hapana majina. Nantongo alitaka kujua kama apeleke shuka la gome la mti la kumvika, kama tunavyowavika watu wetu. Alimuuliza mumewe apeleke au asipeleke, na mumewe hakuweza kumwambia.

Hakulipeleka. Liko mpaka sasa limekunjwa juu ya kabati, na kila mvua inapokatika Nantongo huchukua sandali zake akaenda kule kwenye mafunjo, kuuliza.